Kaa wa Baba na Kimya Changu

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya uteuzi wa kijinsia, darasa langu la kidato cha tatu huangua kicheko kabla sijamaliza kuandika kichwa ubaoni. Ni shule ya wasichana, juu mlimani Kwale, na wasichana wa umri ule neno lolote lenye "jinsia" ndani yake huwatekenya. Mimi huwaacha wacheke. Hufungua dirisha, hupangusa chaki mikononi, hungoja. Wakishachoka huwauliza ni nani amewahi kumwona jogoo akimkimbiza tetea. Mikono yote hupaa. Kisha huwauliza ni nani amewahi kumwona tetea akikataa. Hapo hutazamana, maana hakuna aliyewahi kuwafundisha kuangalia upande ule.

Mimi nilifundishwa, na aliyenifundisha hakujua kwamba anafundisha. Baba yangu anafuga kaa Majoreni, kijijini kwetu pwani. Yeye na wenzake wa kikundi wana vizimba vya miti walivyovizamisha kwenye tope katikati ya mikoko. Kaa aliyekonda akinaswa hutiwa kizimbani, hulishwa matumbo ya samaki mpaka ajae nyama, kisha hupelekwa kwenye majiko ya hoteli za Diani. Mama alifariki nikiwa bado nabebwa. Aliyenilea ni shangazi, dada mdogo wa baba, aliyerudi kwetu kutoka kwenye ndoa iliyomshinda. Ndoa hiyo haikuzungumzwa nyumbani, na mimi sikuuliza. Shangazi alinilea kwa mikono miwili na kwa ulimi ambao, Mungu amzidishie afya, haukuwahi kwenda likizo.

Vizimba vya baba vimepakana na uwanja wa tope, na maji yakipwa hutoka pale kaa wadogo kwa mamia. Dume wa kaa hao ana gando moja kubwa ajabu, karibu sawa na mwili wake mzima, na jingine dogo la kulia chakula. Lile kubwa hulipandisha na kulishusha kutwa nzima, mfano wa mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya barabara. Sisi watoto tuliwaita njoo-njoo. Baba akilisha kaa wake, mimi nilichuchumaa ukingoni nikiwatazama njoo-njoo wangu.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba dume hula kwa taabu. Jike ana magando mawili madogo, anachota tope kulia, anachota kushoto, kama mgeni wa harusi aliyeketi mbele ya sinia la pilau na wenzake wana mikono myepesi. Dume anachota kwa gando moja tu. Lile kubwa limekaa, zito, halimfai kitu kwa upande wa chakula. Nilimuuliza baba kwa nini asilikate akapumzika. Baba akaniambia nimuulize mwenyewe.

La pili ni kwamba jike hana haraka. Anapita katikati ya madume waliosimama kila mmoja mlangoni pa shimo lake, wote wanapunga kama wendawazimu. Huyu hamtazami, yule hamtazami. Kwa mwingine husimama, huingia shimoni, hukagua, hutoka, akaenda zake. Naye aliyeachwa husimama pale pale, akainua gando kumpungia anayefuata. Nilidhani huo ni mchezo wao wa jioni, kama wetu wa kibe.

Nilipokwenda chuo kusomea ualimu ndipo nilipojua nilichokuwa nikikitazama. Likizo ya kwanza nilirudi na maneno mengi, na baba alikuwa na uvumilivu wa kuyasikiliza huku akitengeneza mlango wa kizimba. Nikamwambia kwamba gando lile halikukua hivyo ili limsaidie dume kuishi. Linamchelewesha kula, na ndege wa ufuoni wanamwona kwa mbali. Limekua kwa sababu vizazi kwa vizazi madume walipigania mashimo kwa magando hayo, wenye makubwa wakashinda, na majike walipopita wakawaendea hao hao, na watoto wakarithi. Nikamwambia pembe za paa zimetokana na ugomvi wa namna hiyo, na mkia wa tausi na nyimbo za ndege zimetokana na uchaguzi wa namna hiyo.

Baba aliweka nyundo chini. "Kumbe gando la dume ni kazi ya akina mama?"

"Kwa sehemu kubwa, baba."

"Na madume wenyewe wanajua?"

"Sidhani."

"Subhanallah," alisema, akacheka mpaka akakohoa. Nikamwongezea kwamba njoo-njoo wengine gando likivunjika huota jipya, kubwa vile vile lakini jepesi na dhaifu, na hulipunga kwa mbwembwe zile zile wala wenzao hawatambui. Akasema hao anawafahamu, wamejaa Ukunda. Kuanzia siku ile kijana yeyote aliyepita kwetu na pikipiki mpya aliulizwa na baba, "Gando hilo umemnunulia nani?" Vijana hawakuelewa. Mimi na baba tulielewana, na sijui kama kuna furaha inayoipita ile ya kumchekesha baba yako kwa elimu aliyokulipia.

Likizo hiyo hiyo alinionyesha jambo lililokuwa likikisumbua kikundi. Mara kwa mara walimkuta dume wa kaa hawa wakubwa wa mikoko amemkumbatia jike. Amemweka chini ya tumbo lake, amembana kwa miguu, hamwachii hata achokolewe kwa kijiti. Wote waliuona ni unyama, dume anamuua mwenzake. Wakawa wanawatenganisha, na jike wanamtia kwenye kizimba cha wengi ili awe salama. Wakirudi maji yakipwa tena humkuta ameliwa, vimebaki vipande vya gamba. Wakasema walichelewa, dume alikuwa ameshamjeruhi. Basi wakaongeza kuwahi, na kila walivyowahi ndivyo majike walivyozidi kuliwa.

Na mimi sikujua. Niliporudi chuoni nilisoma, nikaja na jibu likizo iliyofuata. Jike wa kaa huyu hupandwa akishavua gamba, wakati mwili wake umelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai, hana ngao wala silaha. Dume hulijua hilo mapema. Humshika kabla hajavua, humngoja, na baadaye huendelea kumkumbatia mpaka gamba jipya ligande. Nisidanganye, si upole mtupu: anamlinda, na pia anawazuia madume wengine wasimpate. Lakini kwa vyovyote vile, kikundi kilikuwa kikimnyang'anya jike mlinzi wake wa pekee na kumtupa katikati ya wenye njaa.

Wenzake baba walishikana mikono wakacheka. "Yarabi, kumbe tumekuwa tukivunja ndoa za watu!"

Baba hakucheka. Aliketi juu ya ukingo wa kizimba, miguu ndani ya tope, akasema, "Nilitazama kwa macho yangu haya, nikadhani nimeelewa." Akalirudia tena peke yake wakati tunapanda kurudi nyumbani. Nilishangaa kumwona mtu mzima akiwahuzunikia kaa kiasi kile. Tangu hapo jozi iliyokumbatiana ilipewa kizimba chake na ikaachwa.

Nilimaliza chuo nikawa nyumbani nangoja kuajiriwa, na ndipo posa ikaja. Ililetwa na mnunuzi wa kaa, mzee wa Ukunda mwenye gari la barafu, ambaye karibu kaa wote wa baba walipita mikononi mwake kwenda hotelini. Alimposea mwanawe wa pili. Nataka nimtendee haki kijana yule. Hakuwa na kasoro. Alikuwa na adabu, alikuwa na kazi, alisali, alisema shikamoo kwa shangazi akiwa bado barabarani. Tulikuwa tumeonana na kuzungumza mara chache, na kila tulipoagana nilikuwa nimeshasahau tulizungumza nini. Hilo ndilo lote nililokuwa nalo dhidi yake, na huwezi kwenda nalo mbele ya wazee.

Wazee walijaa barazani. Shangazi akatumwa chumbani kuniuliza, naye akaniuliza vizuri, kwa sauti ya chini, akinishika goti. Mimi niliinamisha kichwa. Watu hudhani msichana hunyamaza kwa haya. Mimi nilikuwa nalihesabu lile gari la barafu. Nilikuwa nawaona kaa wa baba wakifia vizimbani kwa kukosa mnunuzi, nikafunga mdomo kwa woga.

Shangazi akangoja kidogo, akatoka. Nikamsikia akisema, "Amenyamaza."

"Kimya ni ridhaa," mzee mmoja akajibu, na wengine wakaitikia alhamdulillahi, na nikasikia watu wakijiweka sawa kuomba dua.

Kisha sauti ya baba. "Ngojeni."

"Sheria imeruhusu kimya kitoshe," baba alisema, "haijakataza maneno. Mimi nimewahi kutazama nikadhani nimeelewa. Nipeni mpaka kesho."

Niliambiwa baadaye kwamba mnunuzi aliinua kikombe cha kahawa akakirudisha chini bila kunywa. Shangazi hakusubiri kuambiwa. Wageni walipoondoka tu alisimama katikati ya ua, mikono kiunoni. "Kaka, umetuaibisha. Mwana amenyamaza kwa heshima zake, wewe wataka apige kelele kama muuza samaki?" Baba alimtazama kwa muda mrefu kuliko maneno yale yalivyostahili.

Asubuhi aliniambia nimsaidie kubeba matumbo ya samaki. Tukashuka mikokoni. Maji yalikuwa yamepwa na njoo-njoo walikuwa kazini, wanapunga. Baba alifungua kizimba cha kwanza, akalisha, akakifunga, akafungua cha pili, na akiwa amenipa mgongo akasema:

"Jana ulinyamaza. Wenzangu walisikia ndiyo. Mimi sikusikia kitu. Wamtaka huyu kijana?"

"Na kaa je, baba?" nilisema.

"Kaa ni wangu, nitajua pa kuwauza. Nakuuliza lako."

"Hana ubaya wowote."

"Sijakuuliza ubaya wake. Yule pale," akanionyesha kwa kidole jike mmoja aliyekuwa akipita kwenye uwanja wa tope, "umewahi kumsikia akidaiwa sababu?"

Nililia kwanza, maana nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kuulizwa. Kisha nikasema, "Sitaki, baba."

"Nimesikia," alisema, akaendelea kulisha.

Mnunuzi aliipokea habari kwa adabu zake zote. Ila gari lake la barafu likaanza kupitia vijiji vingine. Baba akawa anawafunga kaa kwa kamba mwenyewe, anawapanga kikapuni na majani mabichi ya mikoko wasikauke, anapanda bodaboda mpaka barabara kuu, kisha matatu, na kuteremka Diani, akizunguka milango ya nyuma ya hoteli, jiko hadi jiko. Baadhi ya siku alirudi na kikapu kikiwa na uzito ule ule. Kisogo chake kiliungua jua. Hakuwahi kuniambia, wala kwa neno, wala kwa kuugulia, wala kwa ule mguno wa wazee unaosema kila kitu, kwamba haya ni kwa sababu yako. Watoto wengi hupewa vitu vikubwa na wazazi wao kisha hukumbushwa kila Idd. Mimi nilipewa na sikukumbushwa, na katika yote ninayomshukuru baba, hilo liko mbele.

Kazi ya kunikumbusha aliishika shangazi. "Mchagua nazi hupata koroma," aliniambia nikichota maji, nikifua, nikisuka nywele. Siku moja hasira zikampanda zaidi akachukua panga akaenda nyuma ya nyumba kuukata mpapai dume. Tulikuwa na mipapai majike mitatu na dume mmoja, mwenye vile vishada virefu vya maua vinavyoning'inia bila kutoa kitu. "Kimesimama tu kinanukia!" alisema. "Kisichozaa kina kazi gani hapa?" Nilitaka kumzuia. Lakini mwanamke mwenye panga na aliyekasirika kwa niaba yako huwezi kumsomesha bayolojia.

Mapapai yaliyokuwapo tuliyala mpaka yakaisha. Maua mapya ya majike yakawa yanadondoka, na lililojikaza likatoa tunda dogo lisilo na mbegu. Shangazi akasema ni jicho la watu. Nikamweleza: nondo hufuata harufu ya maua ya dume, maana yana utamu ndani. Ua la jike halina utamu wowote, linafanana na la dume basi, na nondo hulitembelea kwa kukosea, akiacha chavua aliyoibeba. Hata hiyo chavua ikishatua haijafika bado. Punje nyingi hushindana kuteremka ndani ya ua, kila moja ikiotesha uzi wake, na si zote zinazofika kwenye mbegu. "Kwa hiyo hata humo ndani kuna posa?" shangazi aliuliza, nami nikasema ipo, na wengi hukataliwa. Akavuta midomo. Kila mwaka darasani kuna msichana huniuliza kama mpapai jike basi ni tapeli, nami humwambia akamuulize shangazi yangu, aliyemkatia mpapai huyo mumewe kwa panga.

Wakati huo nilikuwa nimeshaajiriwa Kwale, na kisa hiki cha mipapai nilikisimulia kwenye chumba cha walimu. Mwalimu wa hesabu, Muislamu mwenzetu kutoka nyumba ya wafugaji upande wa Kinango, mtu wa mashati ya rangi kali ambayo mkuu wa shule aliyatazama kwa huzuni, aliniletea miche ya mipapai nimpelekee shangazi. Akasema mche haujulikani dume wala jike mpaka utoe maua, kwa hiyo ni lazima kuwe na mtu wa kuja kuikagua. Akaja kuikagua. Akaja tena. Umbali kutoka Kwale hadi Majoreni si wa mtu anayependa mipapai tu. Siku moja, akiwa amevaa shati la manjano, alirudi nyuma ili auone mche vizuri akatumbukia kwenye shimo la taka, akainuka na maganda ya muhogo kichwani, akatuamkia upya: "Shikamoo shangazi." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilipofuta machozi nilikuwa nimeshachagua.

Wataalamu bado wanabishana kwa nini jike hupenda akipendacho. Wako wanaosema rangi kali ni dalili ya afya na watoto watakuwa na nguvu. Wako wanaosema ni ladha tu, wala haina sababu nyingine. Mimi nimesoma pande zote mbili na bado siwezi kukuelezea lile shati la manjano. Shangazi alipoona mambo yanakwenda wapi akaanza tena, "Si nilikwambia, mchagua nazi..." nikamkatiza, "Shangazi, koroma langu nimelipenda." Kati ya miche yote, mmoja alikuwa dume. Shangazi aliuzungushia miba mbuzi wasiule.

Siku ya nikaha nilikaa chumbani, hina mikononi, udi umefukizwa mpaka macho yanawasha, wanawake wamenizunguka. Desturi yetu ni kwamba baba huja mlangoni na mashahidi, aulize kwa nje ya pazia, bibi harusi anyamaze au alie kidogo, watosheke. Baba akaja. Nikaiona miguu yake chini ya pazia.

"Mwanangu, waniruhusu nikuozeshe kwa huyu aliyekuposa?"

"Namtaka, baba!" nilisema. "Nimekuruhusu!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Ilivuka ua ikafika barazani, na wanaume huko wakasikika wakicheka. Wanawake walishika midomo, kisha mmoja akapiga kigelegele na wote wakafuata. Miguu ya baba haikuondoka mara moja. Alikohoa, na sauti ilipotoka ilikuwa imekatika katikati.

"Nimesikia."

Nilimgeukia shangazi nikijua nitafinywa. Alikuwa analia. Hakuficha uso. Alinivuta kichwa kifuani kwake, akasema kwa sauti ya chini ambayo wenye vigelegele hawakuisikia.

"Mimi siku yangu nilinyamaza. Sikumtaka yule mtu, nilikuwa naogopa. Babu yako alikuwa mgonjwa, akamtuma baba yako, kijana tu, aje aniulize mlangoni. Akanitazama nimeinama. Akatoka akawaambia, ameridhia." Alipangusa pua kwa ncha ya leso. "Nimemsamehe zamani. Yeye ndiye hajajisamehe."

Nje walikuwa wameanza kusoma. Nilisikia sauti ya baba ikiniozesha, imara sasa, neno kwa neno. Nikamkumbuka ameketi ukingoni mwa kizimba, miguu ndani ya tope, wenzake wakicheka yeye peke yake akikataa kucheka. Miaka yote ile nilidhani alikuwa akisema juu ya kaa.